Hoja Saba za Wasioumwa Magoti

Hoja hizi msomaji umeshazisikia, kwa hiyo sitapoteza muda kuzitambulisha. Zinasemwa barazani, kwenye foleni ya dirisha la wazee, redioni, na mara nyingine zinasemwa na wazee wenyewe, ambao wameambiwa jambo moja kwa miaka mingi hadi wakaliamini. Zote zinamhusu mzee mwenye presha, sukari na maradhi mengine mawili matatu kwa pamoja, ambaye juu ya hayo anaumwa mgongo, magoti na nyayo kila siku ya Mungu. Na zote zinaishia pale pale: kwamba maumivu yake si jambo la kushughulikiwa. Nimezisikiliza kwa makini, nimehesabu saba. Kila moja nitaieleza kama msemaji wake angependa ielezwe, kisha nitaipima. Uamuzi ni wako.

Ili tusizungumze hewani, nahitaji mtu. Sitamtaja mzee wa kweli, maana maradhi ya mtu ni siri yake; nimemtunga mmoja, nawe utamtambua. Tumwite Bi Mkubwa. Anakaa kata ya Ruaruke, wilaya ya Kibiti, ana miaka 71. Ana presha na kisukari, ana mguu mmoja wa matende tangu ujanani, na ameambiwa figo zake zimeanza kuchoka. Dawa zake anazifunga kwenye pindo la kanga, kila aina ndani ya kikaratasi cha daftari, na anazijua kwa rangi na ukubwa kwa sababu maandishi hayaoni tena. Nyumbani kwake mbuzi ya kukunia nazi imeegemezwa ukutani. Hajaikalia tangu msimu wa korosho uliopita: kuketi anaweza, kuinuka ndiko kunakomshinda. Familia ikihamia shambani kulinda mpunga na ndege na nguruwe, yeye hubaki kijijini, kwa kuwa dungu hupandwa kwa ngazi. Na siku hizi anaswali juu ya kiti. Mbuzi, dungu na sijida: yashike hayo matatu, tutayarudia.

Hoja ya kwanza: "Huo ni uzee tu." Wanaoisema hawana nia mbaya. Wanasema viungo huchakaa kama jembe linavyoisha kwa kulimia, na kumwambia mzee ukweli huo ni kumpunguzia mahangaiko ya kutafuta dawa isiyokuwapo. Ni kweli gegedu la goti hulika na pingili za mgongo hubanana. Kosa liko kwenye neno moja, "kawaida", ambalo limebebeshwa kazi mbili. Kwanza linamaanisha jambo linalotokea mara nyingi. Pili linamaanisha jambo lisilohitaji tiba. Hoja inathibitisha maana ya kwanza, kisha inavuna matunda ya maana ya pili. Tuijaribu kwa ugonjwa mwingine. Watafiti waliopima wazee 2,223 wenye miaka 70 na zaidi wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuta karibu saba katika kila kumi wana presha ya juu. Basi kwa wazee hakuna jambo la kawaida kama presha. Je, yuko mganga anayemrudisha nyumbani mzee mwenye presha ya 190 kwa kumwambia huo ni uzee tu? Mtoto wa jicho naye huja na umri, na hakuna anayesema aachwe pale jichoni kwa kuwa mwenye jicho ana wajukuu. Kwa nini basi goti peke yake ndilo lihukumiwe kwa mwaka wa kuzaliwa?

Hoja ya pili: "Maumivu ni dalili; tibu ugonjwa, yataondoka yenyewe." Hii ndiyo hoja ya wasomi, na kwa maumivu mapya ni sahihi kabisa. Jipu likitumbuliwa, maumivu huisha. Malaria ikitibiwa, viungo huacha kuuma. Lakini kanuni ya maumivu ya wiki moja imechukuliwa kama ilivyo ikavalishwa maumivu ya miaka sita. Maumivu yakidumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi mitatu huitwa sugu, na mara nyingi kufikia hapo mishipa ya fahamu imeshabadilika tabia. Mkulima wa mpunga wa Rufiji hahitaji darasa la kulielewa hili: mbwa aliyekesha mwezi mzima akifukuza nguruwe, mwishowe hubweka hata jani likianguka. Nguruwe hayupo, kubweka kupo. Ndiyo maana toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, WHO, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limeyapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe, na likakiri kwamba wakati mwingine maumivu ndiyo ugonjwa.

Tena, hata tukiikubali hoja hii, itatufikisha wapi kwa Bi Mkubwa? Tibu ugonjwa: upi? Nyayo zake zinawaka moto usiku kwa sababu sukari ya miaka mingi imeharibu neva, na sukari ikishuka leo, neva hizo hazifufuki kesho. Kingatiba ya matende, ambayo nchini ilianza kugawiwa mwaka 2000 kisiwani Mafia, ng'ambo tu ya delta ya Rufiji, inakata njia ya maambukizi. Ni kazi kubwa na njema, ila mguu uliokwisha kuvimba haurudi ulivyokuwa. Na goti ndilo linalobeba mwili unaochechemea kwa sababu ya mguu huo. Maumivu ya Bi Mkubwa yana wazazi watatu, na hakuna kliniki inayomkubali mtoto.

Kuna na upande ambao hoja hii haijauona kabisa. Kliniki ya sukari imemshauri atembee nusu saa kila siku. Kwa magoti yapi? Mtu asiyepata usingizi, presha yake hupanda na sukari yake huyumba, na kinachomkosesha Bi Mkubwa usingizi ni nyayo zinazowaka. Asiyeweza kusimama kwenye foleni huruka tarehe ya kliniki. Mnasema maumivu yangoje ugonjwa utibiwe, na ugonjwa hautibiki kwa sababu maumivu yamekaa mlangoni.

Hoja ya tatu: "Wazee wa kijijini wamezoea." Mtu aliyelima kwa jembe la mkono maisha yake yote, akabeba nguzo za mikoko begani na ndoo kichwani, ana mwili uliokomaa; maumivu sugu ni maradhi ya watu wa mjini na wa Ulaya wanaoshinda vitini. Ushahidi wa hoja hii ni mmoja tu: wazee hawalalamiki. Nauliza, nani amewauliza? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliopima viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, ule unaotajwa kila presha na sukari zinapojadiliwa, ulichukua watu wa miaka 25 hadi 64. Mtu wa umri wa Bi Mkubwa hakuwamo. Watafiti walikuwa na sababu zao za kuweka mpaka huo, wala siwalaumu. Ninayemlaumu ni anayefunga mlango mzee asiingie, kisha akatoka uani kutangaza kwamba chumbani hamna mzee.

Na hiyo Ulaya inayotajwa, tuikague. Uchambuzi wa taarifa za wagonjwa takriban milioni 1.75 wa Scotland, uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la The Lancet, ulionyesha kwamba hali ya mtu mmoja kuwa na maradhi kadhaa kwa pamoja iliwaanza watu wa maeneo maskini miaka 10 hadi 15 mapema kuliko wa maeneo yenye nafuu. Yaani huko huko kwa matajiri, mrundikano wa maradhi unawawahi maskini. Kama maisha magumu yangekuwa kinga, hesabu ingekuja kinyume.

Historia ya kusini mwetu nayo inaikana hoja hii. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa wa homa na viungo katika uwanda wa Wamakonde, na Wamakonde wakaupa jina kwa walichokiona: chikungunya, kitu kinachomkunja mtu. Jina hilo leo linaandikwa na madaktari wa dunia nzima, na inajulikana kwamba homa ikishapita, viungo vinaweza kuendelea kuuma kwa miezi au miaka, zaidi kwa wenye umri mkubwa. Watu wasiosikia maumivu wasingeipa dunia jina la maumivu.

Hoja ya nne: "Wanazidisha; mengi ni ya kichwani." Kabla ya kuijibu, naomba uiweke kando ya ile ya tatu uzitazame pamoja, kwa sababu mara nyingi hutoka kinywa kimoja. Mzee akinyamaza, amezoea. Akisema, anazidisha. Aseme nini basi, kwa sauti ya kiasi gani, ili aaminiwe? Hoja isiyoweza kushindwa na ushahidi wowote si hoja. Ni uamuzi uliotangulia kesi.

Tuipe hata hivyo haki yake. Watetezi wake husema: mzee amepigwa eksirei, picha haionyeshi jambo kubwa, naye analia. Tena wanaona kwamba mzee aliyefiwa au aliyeachwa peke yake huumwa zaidi. Yote mawili ni kweli, na yote mawili hayawasaidii. Picha ya mfupa na ukali wa maumivu haviendi sambamba: wako wenye picha mbaya wanaotembea, na wako wenye picha nzuri wasiolala. Picha hupiga mfupa, haipigi neva iliyoungua. Mwaka 2020 jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa maumivu ilirekebisha fasili yake na kusisitiza kwamba maumivu daima ni hisia ya mtu mwenyewe, na kauli yake iheshimiwe. Wahenga wetu waliwatangulia: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuhusu huzuni, maumivu huzaa huzuni na huzuni huongeza maumivu. Hiyo ni sababu ya kutibu vyote viwili, na wao wameigeuza sababu ya kutotibu chochote. Na kama yako kichwani, basi kichwa nacho ni kiungo cha mgonjwa, hakikuazimwa kwa jirani.

Hoja ya tano: "Dawa zipo, tena rahisi." Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hii ndiyo hoja inayoonekana kuwa na huruma na ndiyo inayodhuru. Inasema: tatizo gani tena? Kila kijiji chenye duka la dawa muhimu kina Panadol na diklofenaki, mzee anameza, maisha yanaendelea.

Tuone yanavyoendelea. Bi Mkubwa anamtuma mjukuu. Mjukuu anafika dukani na kusema, "Dawa ya bibi ya miguu." Anapewa diklofenaki, hesabu ya siku chache, ndani ya kibahasha. Usiku ule bibi analala, tena usingizi mzuri. Sikatai: dawa imefanya kazi. Sasa fungua pindo la kanga. Mna losatani ya presha. Mna kidonge cha kukojosha, nacho cha presha. Mna metifomini ya sukari. Diklofenaki inaingia hapo kama mgeni asiyejua wenyeji. Inapandisha presha ambayo vidonge viwili vinahangaika kuishusha. Inapunguza damu inayoingia kwenye figo, na ikikutana kwa pamoja na losatani na kidonge cha kukojosha, figo zilizokwisha kuchoka zinaweza kushindwa kazi. Figo zikishindwa, metifomini hujikusanya mwilini. Tumbo nalo linaweza kuchubuka na kutoka damu bila kuuma kwanza. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilionya kwamba diklofenaki isipewe watu wenye moyo ulioshindwa kazi, wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, wala waliowahi kupata kiharusi. Mjukuu hakuulizwa hata moja ya hayo, na angeulizwa asingejua.

Mwezi ujao Bi Mkubwa anakwenda kliniki ya presha. Kipimo kiko juu. Mganga, kwa uaminifu wote, anafanya anachopaswa kufanya mtu mwenye kipimo hicho mbele yake: anaongeza dawa. Hakuna aliyemtajia diklofenaki, kwa kuwa bibi haiiti dawa ya ugonjwa, anaiita dawa ya miguu. Kumbe presha haikugoma, imechokozwa. Sasa pindo la kanga lina kidonge kimoja zaidi, figo zina mzigo zaidi, na nyayo zinawaka kama jana. Tazama uzuri wa kosa hili: kila aliyetoa kidonge alikuwa sahihi kwa ugonjwa wake. Aliyekosekana ni mtu mmoja wa kufungua pindo zima.

Najua jibu litakuwa: "Basi hutaki wazee wapewe dawa." Nataka, tena zilizochaguliwa. Parasetamoli ina mpaka wake, gramu nne kwa siku kwa mtu mzima, na kwa mzee aliyedhoofu iwe pungufu. Maadamu haizidishwi, haimchokozi mwenye presha wala figo kama diklofenaki. Maumivu ya neva yana dawa zake, kama amitriptilini kwa dozi ndogo, nayo itolewe kwa hadhari kwa mzee mwenye tezi dume au anayeanguka ovyo. Kuna na tiba zisizomezwa: kuimarisha misuli ya paja, fimbo iliyokatwa kwa kimo chake, kiti kirefu badala ya kigoda. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeweka mbele mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na umeshauri dawa za jamii ya mofini zisitumiwe kama mazoea kwa maumivu hayo. Nakubaliana nao. Mofini ina mahali pake, na anayeinyima penye saratani ni mkatili. Uganda iliruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika tangu mwaka 2004, na hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road inaitumia. Ila goti la Bi Mkubwa si saratani. Kwa hiyo anayenitisha kwamba kuzungumzia maumivu ni kufungua mlango wa uraibu, ananijibu jambo ambalo sikulisema.

Hoja ya sita: "Wazee wanatibiwa bure." Hii ina karatasi mkononi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo; madirisha ya wazee yapo; Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ni hatua za kweli na sizibezi. Lakini bure ni bei. Nami nauliza: bei ya nini? Dirisha linasamehe ada ya huduma. Halisamehi nauli ya bodaboda kutoka Ruaruke hadi Kibiti mjini, na kila shimo la njiani mgongo unalilipia. Halileti kijijini mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye kwa kawaida yuko hospitali kubwa. Na mahali ambapo presha ina siku yake na sukari ina siku yake, mwili mmoja husafiri mara mbili ili usikilizwe nusu nusu. Zanzibar waliliona jambo hili kwa pembe nyingine: tangu Aprili 2016 kila mkazi mwenye miaka 70 na kuendelea alianza kupewa pensheni, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo. Si nyingi, lakini ni nauli ambayo mzee haiombi kwa mtu. Msamaha wa ada unamsubiri mzee aliyekwisha kufika dirishani, na maumivu ndiyo yanayoamua nani atafika.

Hoja ya saba, ambayo ndiyo mwamba wa zote: "Maumivu hayaui, na fedha ni chache." Tuokoe kwanza watoto na wajawazito, tupambane na malaria, kifua kikuu na UKIMWI, goti litangoja. Naiheshimu hoja hii, na kwa kuwa tuko Kibiti, ina haki ya kuleta shahidi wa nyumbani. Wilaya hii ilikuwa sehemu ya Rufiji pale mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada, ulipofundisha dunia jinsi ya kupanga bajeti ya afya kwa ushahidi. Kuanzia mwaka 1998 wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, na kwa dalili zipi. Fedha zikaelekezwa penye mzigo mkubwa wa maradhi, na vifo vya watoto vikapungua kwa takriban asilimia 40 katika miaka mitano. Hakuna mwenye akili anayeweza kuudharau ushindi huo.

Lakini somo la Rufiji halikuwa "fuata vifo". Lilikuwa "fuata mzigo uliopimwa". Na kipimo cha mzigo wa maradhi kinachotumika duniani kina pande mbili: miaka inayopotea kwa kifo cha mapema, na miaka ya kuishi na ulemavu. Upande huo wa pili, maumivu ya kiuno ndiyo yanayoongoza duniani, na WHO inakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 waliishi nayo. Wenzetu wamechukua mzani wa Rufiji, wakavunja kitanga kimoja, kisha wanatuambia upande huo hauna uzito.

Na kwamba hayaui? Aprili 2024 maji yalipofurika Rufiji na Kibiti, watu walihama makwao kwa mitumbwi na kwa miguu. Anayesema maumivu hayaui anitajie ni nani anayechelewa kuondoka siku kama ile. Anitajie pia figo za hoja ya tano zimechokeshwa na nini. Cheti cha kifo kitasema figo, au moyo, au tumbo lililotoka damu. Hakitasema goti.

Kuhusu fedha, zipange hoja zao mstari mmoja. Ya tano inasema dawa zipo na ni rahisi. Ya sita inasema huduma ni bure na imeshafika. Ya saba inasema hakuna fedha za kuianzisha. Wakubaliane kwanza wao kwa wao: jambo limekwisha kutatuliwa, au ni ghali mno kulitatua? Haliwezi kuwa yote mawili kwa bibi mmoja ndani ya wiki moja.

Ninachodai hakifanani na bajeti ya hospitali ya rufaa. Mzee mwenye maradhi zaidi ya moja, kila anapofika zahanati au kituo cha afya, afunguliwe pindo lake lote mbele ya mtu mmoja, na "dawa ya miguu" ihesabiwe. Tarehe zake za kliniki ziwekwe siku moja. Na aulizwe kuhusu maumivu, jibu liandikwe kama inavyoandikwa presha. Wakisema maumivu hayapimiki, nawarudisha kwa watoa tiba shufaa wa Afrika, waliolitatua zamani bila karatasi wala kusoma: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, mkono wote wazi ni yasiyovumilika.

Bi Mkubwa akikunjua vidole vinne, andika nne. Kisha muulize swali la pili: yanakuzuia kufanya nini? Atakutajia mbuzi, dungu na sijida. Yaandike hayo pia, maana ndiyo kipimo cha kweli. Akirudi baada ya miezi mitatu akakunjua vidole vitatu, huenda utaona hujafanya kitu. Muulize habari za mbuzi. Kama imetoka ukutani, tiba inafanya kazi.

Mwenye hoja ya nane ailete, nitamsikiliza kama nilivyowasikiliza hawa saba. Ila kwanza aikalie hiyo mbuzi, akune nazi mbili, na ainuke bila kushika ukuta.